Redio Haishuki Bei

Nilimtoa mbuzi wa mama, nikapewa redio. Mbuzi mwenyewe alikuwa na mimba, na ndiye aliyekuwa ada yangu ya shule. Mama nilimwambia kapotea.

Wakimbizi walikuwa wamejaa Ngara, kila mmoja akitaka redio asikie habari za kwao, na bei ilipanda kila mnada. Nikawa nalala migombani, redio kifuani, mawingu yakipita taratibu, kila wingu likigeuka bati la nyumba yetu mpya.

"Uza sasa, itashuka," rafiki yangu Deo alinionya.

"Kalime maharage, bwana wee. Redio haishuki."

Siku moja redio hiyohiyo ikatangaza kwamba wakimbizi wanarudi makwao. Nikaisikiliza nimefumba macho, natabasamu, kama nasikiliza wimbo. Nilipofika mnadani, redio zilikuwa zimemwagwa chini kama viazi. Kila anayeondoka anauza yake. Mama naye alikuwepo, akiulizia mbuzi wake. Yule baba niliyebadilishana naye akaniona, akapaza sauti: "Kijana! Mbuzi wako kazaa mapacha!"

Mama akaiangalia redio kwapani mwangu, akasema: "Haya, mfunge kamba redio wako, mpeleke malishoni. Akizaa, utarudi shule."