Rangi ya Gauni la Mama

Watu wote walimwita Fundi, hata baba yake mzazi. Miaka kumi na minne alikuwa akishona sare za shule katika chumba kimoja kinachotazama barabara, mashati na sketi, sketi na mashati, mpaka vidole vyake vikajua kukunja marinda bila kusubiri macho. Nguo zake mwenyewe alizinunua zimeshashonwa. Watu wakimcheka, alijibu kwamba mganga hajigangi, kisha akaendelea kukanyaga cherehani.

Alipoposwa alikuwa na miaka thelathini na sita. Mposaji alikuwa muuguzi wa zamu, mtu mpole mwenye miguu mirefu, aliyekuja mara ya kwanza kurefushiwa suruali, na tangu hapo akawa analeta suruali zisizo na kasoro yoyote. Fundi alizipokea, akazikunja, akamrudishia wiki iliyofuata, na wote wawili wakajifanya hawaelewi. Mambo yalipokuwa bayana, muuguzi alisema angependa wapige picha ya uchumba studio, picha ya kutundika ukutani, si ya kwenye simu. Wakapanga Jumamosi saa kumi. Kuhusu mavazi, yeye hakuwa na taabu. Alisema hata akiambiwa avae gunia atavaa, mradi lipigwe pasi.

Taabu ilikuwa kwa Fundi, kwa maana alijua anachokitaka ila hakujua rangi yake.

Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili na nusu. Hakubakiwa na sauti yake wala harufu yake. Alibakiwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, iliyopigwa siku wazazi wake walipochumbiana. Baba amesimama kushoto, mwembamba kama fito. Mama yuko kulia, amevaa gauni lenye kola pana, vifungo vinne na kiuno kilichobanwa sawasawa. Mikono ameinyoosha, midomo ameifumba kwa nguvu. Midomo hiyo ndiyo iliyomsumbua Fundi maisha yake yote. Tangu utotoni aliamini ni midomo ya mtu asiye na raha, labda mtu aliyelazimishwa. Hakumuuliza mtu. Nyumbani kwao jina la marehemu lilikuwa kama kaa la moto. Kila mmoja alisubiri mwenzake aliokote.

Hata hivyo alitaka asimame mbele ya kamera amevaa gauni lile. Mshono aliusoma kwenye picha bila shida: sketi ya vipande sita, kola ya kukatwa kwa mshazari. Akamwendea mama mkubwa, dada wa marehemu, aliyemlea mpaka alipomaliza shule, akamuuliza rangi. Mama mkubwa hakusita hata kidogo. Alisema lilikuwa samawati, analikumbuka kama jana. Mjomba alipopigiwa simu akasema ni kijani, tena dada yake huyo asimdanganye mtoto, kwa sababu siku hiyo dada huyo alikuwa chuo cha ualimu na hakuliona gauni wala kivuli chake. Ndugu hao wawili wakabishana simuni mpaka salio likaisha.

Fundi akachagua samawati, kwa kuwa mama mkubwa ndiye aliyekuwa karibu na angeweza kununa. Alishona saa za mchana, wateja walipopungua. Alhamisi akalivaa mbele ya kioo. Lilimkaa kama limemwagwa. Akafumba midomo kama ya pichani, akanyoosha mikono, akajitazama kwa muda mrefu akimtafuta mama yake mle kiooni. Hakumwona. Alimwona mwanamke aliyependeza, basi. Akalivua, akalitundika mlangoni, akarudi kwenye sare zake.

Ijumaa jioni baba yake alipita chumbani kuomba uzi wa kufungia mfuko. Mzee huyu alikaa chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo. Alikuwa amepaka rangi nyumba za watu miaka arobaini, na maneno yake yalikuwa machache kuliko brashi zake. Alipoliona gauni mlangoni alisimama, uzi akausahau.

Fundi akajikaza, akamwambia kwamba amejaribu kushona gauni la mama, lile la pichani.

"Mshono ndio," baba akasema. "Rangi siyo."

"Lilikuwa rangi gani, Baba?"

"Kahawia. Kama kutu iliyomwagiwa maziwa. Rangi mbaya sana, mwanangu. Mimi nisingeipaka hata ukuta wa choo."

Akavuta kiti cha wateja, akakaa, na hadithi ikatoka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Gauni halikuwa la mama. Siku hiyo mvua iliwakuta njiani, wakafika studio wameloa chapachapa. Mpiga picha alikuwa na gauni moja la kuazima wateja, lililoshonewa mtu mwenye mwili mara mbili ya wa mama. Akamvika, kisha akalikusanya mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, kumi na kimoja, vimepangana kama miiba ya samaki. Baba aliambiwa asimtazame mgongoni. Akatazama.

"Mama yako akaninong'oneza kwa pembe ya mdomo, 'Ukicheka nakuacha.' Kumbe yeye ndiye alikuwa hoi. Huo mdomo unaouona pichani, amebana kicheko. Picha ilipopigwa tu, akaangua, akacheka mpaka vibanio viwili vikafyatuka."

Fundi alikaa juu ya rundo la vitambaa. Miaka thelathini na zaidi alikuwa amembebea mama yake huzuni ambayo mwenyewe hakuwa nayo.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza," baba akajibu. Kisha, akiangalia mikono yake: "Na mimi niliomba usiniulize."

Fundi akauliza kama atafute kahawia usiku huohuo, alifumue hili. Baba akakataa. Alisema yeye na kahawia ile hawana udugu, na marehemu mwenyewe aliichukia. Avae lake linalomkaa.

Jumamosi alivaa samawati. Muuguzi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na walipoambiwa washikane mikono, akamshika kifundo cha mkono kama anayempima mapigo ya moyo. Mpiga picha, dada mmoja mwenye haraka, akamrekebisha mara tatu. Zilitoka picha nzuri. Katika mbili Fundi anatabasamu. Lakini mawazo yake hayakuwa pale. Tangu jana alikuwa na njaa mpya. Zamani alitamani uso wa mama yake, na uso alikuwa nao. Sasa alijua kulikuwa na kicheko, na kicheko hakina fremu.

Walirudi jua halijazama. Baba alikuwa uani na kikombe chake cha chai. Akauliza kama kazi imekwenda vizuri, akajibiwa imekwenda. Fundi akaketi kwenye ngazi, miguuni pa baba, bila kujali vumbi.

"Baba, mama alikuwa anachekaje?"

Mzee akaweka kikombe chini. Akakohoa kusafisha koo, akatazama huku na huku, kisha akatoa sauti nyembamba ya ajabu iliyoishia kwenye kikohozi. Muuguzi, aliyekuwa anaingia uani, akaganda mlangoni.

"Hapana," baba akasema, akitikisa kichwa. "Siyo hivyo. Chake kilianzia chini zaidi. Kilikuwa kinapanda polepole."

"Jaribu tena, Baba."

Akafumba macho, akavuta pumzi, akajaribu tena.