Ufa Kwenye Tangi la Samaki

Sisi tuliokulia Gitega, mtaa wa Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini, likizo zetu zilikuwa na sauti zake: redio ya jirani, wasichana wakihesabu mruko wa kamba, mama akiniita nichambue maharage. Kwetu kulikuwa na sauti moja zaidi, ya keke ya kutobolea ikisaga kioo, kwa kuwa baba alikuwa fundi vioo.

Alifanya kazi uani pamoja na mjomba Faustini, mdogo wake mama, mtu mzima mwenye kigugumizi aliyekuja kwetu kujifunza ufundi. Mjomba alinibeba mabegani hata nilipokuwa nimeshakua mzito. Neno likimkwama, alicheka yeye kwanza, ili sisi tusione haya.

Likizo moja, nikiwa na miaka kumi, mwenye mgahawa wa mjini alituletea tangi la kioo la kufugia samaki. Alitaka wateja wajichagulie sato akiwa hai, kwa hiyo ilibidi baba atoboe matundu mawili, moja la bomba la kuingiza maji na jingine la kuyatoa. Tangi lilitoka Ulaya. Kigali nzima usingepata la pili.

Kioo hakitobolewi kama mbao. Baba alililaza tangi ubavuni, akategemeza kioo kwa kipande cha ubao, akajenga ukuta mdogo wa udongo kuzunguka mahali pa tundu, kama bakuli, akatia maji na unga mkali wa kusagia. Kwenye keke alifunga kipande cha bomba la shaba badala ya msumari wa kutobolea. Kazi yangu ilikuwa kuongeza maji.

"Amazi!" aliita, nami nikamimina. "Buhoro, mwanangu. Kioo ukikikimbiza kitakuumbua."

Tundu la kwanza lilichukua asubuhi nzima, likatoka safi. La pili lilipofika katikati, baba aliitwa kwa jirani. Akasema tusiguse kitu. Mjomba akaingia ndani kunywa uji. Hapo wenzangu wa kamba wakachungulia uani, na mmoja akaniambia, "Wewe kazi yako ni maji tu."

Nikashika keke. Nikazungusha, nikaona inakawia, nikaikandamiza kwa kifua. Kioo kikalia ta! Ufa ukakimbia kutoka kwenye tundu hadi pembeni. Wenzangu wakatoweka.

Baba alipofika, alimkuta mjomba ameinama juu ya ufa.

"Nani?" aliuliza.

"Ni mjomba," nikasema. Sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe.

Mjomba alifungua kinywa. "Si... si... si..." Kisha akanitazama, akaliacha neno hilo njiani. "Ni-nisamehe, shemeji," alisema.

Baba alimwambia akusanye nguo zake. Mama alilia jikoni. Mjomba alinishika kichwa kwa mkono wenye vumbi la kioo, akaondoka kwenda Kabuga kutafuta kibarua.

Nilijiambia nitasema Jumapili, baada ya misa. Zikapita Jumapili nyingi. Kisha ukaja mwaka wa tisini na nne, na mjomba Faustini akauawa hukohuko Kabuga.

Nilimwambia baba ukweli nikiwa nimeshapata watoto, yeye mvi zimemjaa.

"Faustini alirudi siku moja," alisema. "Aliomba kazi. Nilimjibu mlangoni, hata ndani sikumkaribisha."

Tukakaa, mimi na aibu yangu, yeye na aibu niliyompa mimi.

Siku hizi kwenye karakana za Gisozi mashine hutoboa kioo kabla hujamaliza kusalimiana na fundi. Na sisi wa rika langu tunapenda kuwacheka watoto wa sasa, eti hawajui kuteka maji, hawajui kumwamkia mkubwa. Juzi binti yangu alivunja bakuli la wageni. Akanifuata mlangoni kabla sijavua viatu: "Mama, ni mimi. Limeniponyoka." Kisha akarudi kula chakula chake. Nikamgombeza kwamba hana haya, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Enzi zetu tulisalimia kwa mikono miwili na macho chini. Adabu tulikuwa nayo tele. Kusema "ni mimi" hatukuweza.