Alhamisi ya Kasuku

Mpwa wangu tulimwita Kasuku kwa sababu alizaliwa na mdomo usiojua kupumzika. Akiwa na miaka tisa alikuwa anaweza kukusindikiza kutoka kwao hadi kituo cha basi, na njia nzima usipate hata nafasi ya kukohoa. Leo ana thelathini na mbili, ni fundi baiskeli, na wateja wake wanadhani jina hilo ni la mzaha, kama watu wanavyomwita bonge Sindano. Kutwa nzima husikii kwake zaidi ya "pancha" na "njoo kesho".

Haukuwa mzaha. Alikuwa kasuku kweli, na siku aliyonyamaza naijua, ingawa nilikuja kuijua nimechelewa sana.

Dada yangu, mama yake, alizaa watatu. Wa kwanza ni binti, ambaye sote tunamwita Dada Mkubwa, hata sisi tuliomwona akiwa kwenye nepi. Wa pili ni Kasuku. Wa tatu alikuja baada ya uchungu wa siku mbili, akachelewa kulia, na shingo yake haikukaza. Watoto wa rika lake wakaketi, yeye amelala. Wakatambaa, yeye amelala. Daktari alisema ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, hali hiyo haiondoki, atunzwe vizuri tu. Tulimwita Malkia, maana alibebwa kila aendako.

Shemeji yangu ni seremala na mzee wa kanisa. Simsemi vibaya. Akikutengenezea meza, mjukuu wako atakuja kuandikia juu yake. Lakini neno la daktari kwake liliingia sikio hili likatokea lile. Alichukua kipande cha plaiwudi, akapiga mistari kwa penseli yake ya kazi, akaandika zamu za kufunga. Jumatatu baba, Jumanne Dada Mkubwa, Jumatano mama, Alhamisi Kasuku, Ijumaa baba tena. Hakuna kula wala kunywa mpaka saa kumi na moja jioni, na Mungu atamnyanyua mtoto. Akakipigilia juu ya mlango wa jikoni.

"Huu ni mnyororo," aliwaambia watoto. "Pete moja ikikatika, umekatika wote."

Wakamwamini. Wangemkataliaje? Hakuwahi kuwaongopea hata kwa peremende.

Alhamisi moja nilikuwa natoka kupaka rangi bweni la shule yao, ndoo kichwani, nikamkuta Kasuku ameegemea ukuta wa nje, midomo imekauka kama ya mgonjwa. Habari ya zamu zile nilikuwa nayo, ila siku za nani na nani sikuwa nimezishika. Palikuwa na mama anauza mayai ya kuchemsha. Nikanunua moja, nikamenya, nikampa. Akaliangalia kwanza, kwa muda mrefu.

"Mjomba, leo si…"

"Leo si nini? Unangoja liangue kifaranga?"

Akacheka. Akalitafuna mara tatu likaisha, akaanza kunisimulia habari za mwalimu wao wa hesabu. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akisimulia kitu.

Alasiri ile ile Malkia alishikwa na degedege. Alilala hospitali siku sita. Alipotoka, kile kidogo alichokuwa ameanza kukijua, kushika kidole cha mtu na kufuata taa kwa macho, kilikuwa kimekwenda. Kilichobaki ni masikio na kicheko. Anatambua vishindo vya miguu ya kila anayeingia, na hata ukifagia karibu yake anacheka.

Kasuku hakumwambia mtu. Maneno yake yalipungua kidogo kidogo, kama maji kwenye mtungi wenye ufa, na sisi tukasema ah, anakua huyo. Akaanza kumlisha Malkia kabla ya kwenda shule. Kisha akawa anamwogesha. Kisha akajua saa za kumgeuza ubavu ili asipate vidonda vya kulalia, na shule akaiacha, akafungua kazi ya baiskeli barazani kwao ili asiwe mbali. Mchungaji alimsimamisha mbele ya kanisa awe mfano kwa vijana. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Dada Mkubwa yeye alifunga Jumanne zake zote, hata mate alikuwa anatema. Alipofikisha miaka kumi na minane alimwambia baba yake, "Mimi upande wangu nilitimiza," akahamia mji mwingine. Kila mwezi analeta kifurushi cha nepi za watu wazima. Kanisani hajakanyaga mpaka leo.

Sasa, kulikuwa na binti mshonaji wa duka la jirani. Alikuja na baiskeli inayovuta mguu, akamkuta fundi ameinamia beseni anatazama mapovu ya mpira.

"Hivi wanaokuita Kasuku wana ugomvi na wewe?"

"Pancha mbili."

"Nimeuliza jina, baba, sijauliza tairi."

Kasuku akacheka, na ndani ya nyumba Malkia naye akacheka. Yule binti akaendelea kuja, hata tairi zikiwa zimejaa upepo. Wakachumbiana. Siku ya harusi ilipangwa mara tatu, na mara tatu Kasuku akaisogeza. Mara ya tatu shemeji alimkalisha chini, mchana wa Jumapili, tumetoka ibadani, mimi na dada yangu tupo.

"Binti wa watu unamchezea?"

"Hapana, baba."

"Basi kuna nini?"

Kasuku alitazama mikono yake. "Siku Malkia aliposhikwa na degedege ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimekula yai. Niliukata mnyororo, baba. Nikioa, nani atamlipa Malkia?"

Nikawahi kusema kwamba daktari alisema ni ubongo, ni tangu kuzaliwa, degedege ingekuja tu.

"Najua alichosema daktari, mjomba."

Nilitegemea shemeji amkumbatie. Akasema, kwa upole kabisa, "Ungesema siku ile ile, mwanangu. Tungeanza upya."

Dada yangu akasimama.

"Nani angeanza upya? Mimi sikufunga hata Jumatano moja! Nilikuwa nanyonyesha mtoto asiyejua kunyonya. Nilikula nimejificha nyuma ya mlango kama mwizi, nikafuta mdomo, nikaja kusali na nyinyi."

"Na yai lile nilinunua mimi," nikasema.

Shemeji alichukua Biblia yake akaenda karakana. Tangu siku hiyo anasali huko peke yake, katikati ya maranda, na mkewe hamuulizi kitu zaidi ya chumvi iko wapi.

Nilidhani angalau Kasuku amefunguliwa. Dada yangu naye alidhani hivyo, akamweleza mshonaji kila kitu. Kesho yake yule binti alikuja mapema, uso unang'aa. Kasuku alikuwa anamlisha Malkia uji, nami nipo.

"Nipe nijaribu," akasema, akachukua bakuli.

Malkia alisikia sauti akacheka, akafungua kinywa wazi. Kijiko cha kwanza kikashuka vizuri, cha pili pia. Kasuku alisimama pembeni, mikono inaning'inia, haijui iende wapi. Sijawahi kumwona mtu mzima amekosa kazi namna ile. Kijiko cha tatu Malkia akakohoa kidogo, kama anavyokohoa kila siku ya Mungu.

Kasuku akampokonya kijiko. "Utamuua!"

"Amekohoa tu."

"Huelewi wewe. Huyu ni wangu."

"Ni dada yako, Kasuku. Mama amekula, mjomba ndiye kanunua, daktari kasema. Bado tu ni wako?"

Kasuku akamfuta Malkia kidevu.

Binti akaweka bakuli chini. Akajifuta uji kwenye kitenge chake, akamgusa Malkia shavuni, akatoka. Tukasikia baiskeli ikishuka barazani. Malkia alikuwa amegeuza uso upande wa mlango, kinywa kiko wazi, na Kasuku amekaa na kijiko mkononi, uji unamdondokea gotini, akimngoja amgeukie.