Ndama Aliyevuka Uwanja

Nilipoanza kufundisha hesabu, nilipelekwa shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kajiado. Shule ilikuwa na kompyuta moja, nami nikaweka ndani yake mchezo niliojifunza chuoni: miraba kama ya daftari la hesabu, mingine hai, mingine mitupu. Mraba hai wenye majirani hai wawili au watatu, kati ya miraba minane inayouzunguka, unaendelea kuishi. Wakipungua, unakufa kwa upweke. Wakizidi, unakufa kwa msongamano. Mraba mtupu wenye majirani hai watatu kamili unapata uhai. Basi, sheria ni hizo tu. Lakini kuna umbo moja la miraba mitano ambalo, ukiliacha, hutembea lenyewe kwa mshazari. Wasichana waliliita ndama.

Tulitaka wazazi wamwone siku ya kutembelea shule. Juma hilohilo stima ikaja na nguvu kupita kiasi, kompyuta ikaungua na kutoa moshi.

"Madam, basi sisi ndio tuwe miraba," akasema msichana wa kidato cha pili.

Tukachora uwanja kwa chokaa, kila msichana mraba wake. Aliye hai anasimama, asiye hai anachuchumaa. Nikapuliza kipenga. Lo! Ndama alisambaratika palepale. Tukarudia na kurudia, sweta zikageuka rangi ya vumbi. Nilikuwa karibu kuwaambia tuache, yule msichana aliponijia.

"Madam, shida ni haraka. Nikihesabu majirani, mmoja ameshabadilika, mwingine bado."

"Sasa tufanyeje?"

"Kipenga cha kwanza tuhesabu, kila mtu aamue, lakini asisonge. Cha pili tubadilike wote pamoja."

Tukajaribu. Ndama akapiga hatua, kisha nyingine. Nilijikuta narukaruka kama mtoto.

Siku yenyewe wazazi walijaa. Mzee mmoja mwenye shuka, baba wa mmoja wa wasichana, akaniuliza, "Mwalimu, ni nani anawaambia wasimame?"

"Hakuna, mzee. Kila mmoja anaangalia majirani wake tu."

Hakuniamini. Aliacha kiti, akaenda kusimama kwenye kona ya mbali, pale nilipomwambia ndama atafikia.

Nikapuliza. Ndama akapiga hatua chache. Kisha mama mmoja akacheka, akanyoosha kidole: "Inakuja! Angalieni, inakuja!" Makofi yakaanza kufuata kipenga. Wasichana hawakutazama kando. Walihesabu, wakasimama, wakachuchumaa, na ndama akavuka uwanja mzima mpaka miguuni pa mzee.

"Imefika!" mzee akapaza sauti, fimbo juu. "Ng'ombe imefika!"

Walio hai na wasio hai wote wakaruka, chokaa ikatimka.

Mwalimu mkuu, mama ambaye hakuwa amewahi kunisifu, akanijia akipangusa macho. "Chakula kitangoja," akasema. "Rudieni."

Nikapuliza tena, na safari hii wazazi wakawa wanahesabu majirani kwa sauti.