Uvimbe Usioua

Mdogo wangu Tupokigwe hakufa. Watu wakisikia hivyo husema, "Mungu mkubwa," nami hutamani kuwaambia wafunge midomo.

Mwaka 1954, kwetu Rungwe, daktari alimbonyeza chini ya mbavu za kulia akakuta uvimbe kwenye ini. Hakumpasua, hakumpima zaidi. "Saratani hiyo. Nenda nyumbani, mama, ukajiandae." Basi! Maneno hayo tu.

Alikuwa na binti wa mwaka mmoja, Tusajigwe, bado ananyonya. Kwenye ukoo wetu, mama akijua anakufa humzoesha mtoto mama mwingine mapema, asije akalilia kaburi. Tupokigwe akajipaka maji ya majani machungu kwenye matiti. Mtoto akalia weee, mpaka akaacha kunyonya. Kisha Tupokigwe akampeleka ng'ambo ya mto kwa wifi yake Ikupa, ambaye hakujaliwa kuzaa. Wakikutana njiani, mtoto akimnyooshea mikono, mdogo wangu anamwambia, "Mama yako yule pale," halafu anakwenda kujificha migombani alie peke yake.

Akangoja kufa. Akavuna maharage, akapanda tena, akavuna tena. Hakukonda hata kidogo! Mimi nilikuwa nimeolewa Kihesa, Iringa. Nilipokuja kuwasalimu nikamkuta amejitwika mzigo wa kuni, nikafoka, "Mgonjwa gani wewe? Twende!" Nikampandisha basi.

Daktari wa Iringa alimpasua, akaangalia, akamshona. "Ni fundo la mishipa ya damu tu, mama. Pengine umezaliwa nalo. Utazeeka nalo."

Tupokigwe alicheka, akalia, akataka kuondoka siku ileile na kidonda kibichi. "Dada, mwanangu!"

Alipopona tukaenda kwa Ikupa. Sina neno naye, hakubisha. Alifunga nguo za mtoto huku machozi yanamtoka. Tupokigwe akambeba binti yake. Loo! Mtoto alipiga mayowe, akamng'ata bega, akaita, "Mama! Mama!" mpaka sauti ikamkauka.

"Vumilia, atazoea," nikamwambia.

Tulipofika darajani mdogo wangu akasimama. "Nimeshamnyang'anya mama mara moja, dada. Mara ya pili siwezi."

Akageuka. Ikupa alikuwa bado amesimama mlangoni. Mtoto alipofika mikononi mwake, akanyamaza papo hapo.