Mistari Mitupu ya Feruzi

Kutoka Bombay hadi Adeni nilitapika. Kutoka Adeni hadi Unguja nikazoea. Meli ya moshi ilitushusha Unguja, na siku chache baadaye nikavushwa kwa mashua hadi Saadani, nikiwa na sanduku la bati na cheti cha shule ya Bara Hindi iliyonilea. Nilikuwa mtoto wa watumwa waliookolewa baharini na manowari ya Waingereza, nikiwa mdogo mno hata nisijue kwetu ni wapi. Huko Bara Hindi nilifundishwa Kiingereza, na sasa misheni moja ya Waingereza karibu na Saadani ilitaka mwalimu msaidizi. Nilijiambia nitakaa mwaka mmoja. Kila nifikapo mahali hujiambia hivyo.

Siku ya kwanza Mkuu wa Shule, padri mrefu mwenye kikohozi, alinitazama kuanzia viatu.

"Umewahi kufundisha?"

"Hapana, Bwana Padri."

"Vizuri. Hutakuwa na la kusahau."

Akanipa chaki, akanipeleka darasani.

Ninyi mnaosoma siku hizi mnakuta vitabu mezani. Sisi tulianza na imla: mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika vilevile kwenye kibao chake cha jiwe, kisha anafuta. Baada ya imla ikaja tafsiri. Insha, yaani kuandika kwa maneno yako mwenyewe, ilikuwa ya darasa la juu tu, maana ilitumia karatasi na wino, na karatasi tuliifuata Bagamoyo kwa Wahindi, tukavuka nayo mto Wami kichwani. Mada ilikuwa karibu kila mara moja: jinsi nilivyokombolewa utumwani. Insha hizo zilipelekwa Ulaya kwa wafadhili. Vijana walikuwa wameiandika mara nyingi hata mkono ulikwenda wenyewe, kama mtu anayesuka ukili wa mkeka huku akizungumza.

Katika mwaka wangu wa tatu, Padri Mkuu, aliyekuwa juu yetu sote, aliandaa safari ya bara, kupita milima ya Nguru na mbele zaidi. Alihitaji karani kijana ajuaye Kiingereza. Mkuu wa Shule akasema karani apatikane kwa mashindano.

"Watunge hadithi," aliniambia. "Si habari zao, hizo nimezisoma hadi nimechoka. Waandike jambo ambalo halikutokea."

Nilipolitangaza, Yusufu, aliyekuwa wa kwanza katika kila kitu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tuandike uongo?"

"Uongo mzuri."

"Na Jumapili tukaungame?"

Darasa likacheka. Wiki nzima Yusufu alitembea akitamba. "Mimi nikiwa karani sitabeba hata kibuyu. Nitabebewa!" Feruzi, mwenzake wa benchi moja, hakutamba. Sote tulijua kwa nini aliitaka safari ile. Alichukuliwa kutoka upande huo, mbele ya milima, akiwa na umri wa kuchunga mbuzi. Jina la kijiji lilikuwa limempotea. Na kijana kama yeye hangeweza kwenda peke yake. Angekamatwa na kuuzwa tena kabla hajaiona hiyo milima. Bila msafara wa misheni hakuwa na njia.

Karatasi zilipokusanywa, ya Yusufu ilihusu theluji ya Uingereza, haina kosa hata moja. Ya Feruzi ilihusu mama anayetwanga mtama. Kila akipumzika hugonga kinu kwa mchi na kuimba, na watoto walio mashambani humwitikia, ajue wote wapo. Lakini kila watoto walipotakiwa kuitikia, Feruzi aliruka mistari miwili na kuiacha mitupu.

"Hii haijakwisha," alisema Mkuu wa Shule.

Nikamwambia, "Bwana Padri, hadithi za huku zina kiitikio. Mwache aisome mbele ya wenzake."

Feruzi akasoma. Alipofika penye mistari mitupu akanyamaza. Yusufu ndiye aliyeanza kujibu, kwa sauti kubwa, kama tunavyojibu hapa pwani, na darasa zima likamfuata.

Feruzi akatikisa kichwa. "Siyo hivyo."

Mara ya pili wakajaribu jingine.

"Siyo."

"Wanajibuje basi?" akauliza Mkuu wa Shule.

"Sijui, Bwana Padri. Wimbo wa mama ninao. Jibu letu limenipotea."

"Kwa nini usitunge jibu? Si nilisema mtunge?"

"Nikilitunga, nitasahau kwamba silijui."

Mkuu wa Shule alikohoa muda mrefu. Kisha akasema sheria ni sheria, mistari mitupu haina maksi, na mshindi ni Yusufu.

Yusufu akasimama. Nilidhani atapiga kelele za furaha. Alitazama chini, kisha akamtazama Feruzi.

"Nashukuru, Bwana Padri. Lakini hadithi niliandika kwa mkono. Miguu yangu haikushiriki. Bara siendi."

"Si wewe uliyekuwa ukitamba?"

"Nilikuwa natunga."

Hata Mkuu wa Shule alicheka. Akaniuliza wa pili ni nani. Alimjua, alitaka tu jina litamkwe na mtu mwingine. Nikamtaja Feruzi.

Msafara ulirudi baada ya masika mawili. Feruzi hakuwamo. Nilimfuata kiongozi wa msafara, Mzee Songoro, aliyekuwa akifungua mizigo uani.

"Shikamoo, mzee. Mwanafunzi wangu yuko wapi?"

"Marahaba, mwalimu. Amebaki."

"Amekufa?"

"Amejibiwa."

Akakaa juu ya mzigo. "Kila kijiji alisimulia habari yake ya kinu. Watu wanajibu, anasema siyo, tunaendelea. Wapagazi wakamcheka mpaka wakachoka. Mahali pamoja wanawake wakajibu kabla hajamaliza kuimba. Kijana akaweka chini sanduku la wino."

"Walijibu nini?"

"Lugha yao, mwalimu. Mimi sikushika."

Baadaye Wadachi, yaani Wajerumani, wakaishika pwani, Kiingereza kikakosa kazi, na shule ikafungwa. Mkuu wa Shule alinipa mkono, akasema nimefundisha vizuri kwa mtu aliyekuja kwa mwaka mmoja. Tangu hapo nimefanya kazi Tanga, Mombasa na Lamu. Hakuna mahali nilipokaa sana.

Asubuhi ya kuondoka pale shuleni, Yusufu na wanafunzi wadogo wachache walinibebea sanduku langu la bati hadi ufukweni. Njiani wakataka hadithi ya kinu. Nikaianza. Nilipofika penye mistari mitupu nikanyamaza, nao wakanyamaza, tukatembea hivyo mchangani. Kisha nikaendelea.