Maji ya Kwanza ya Ndiga

Mwanangu, nakumbuka usiku mmoja ambao sikupata usingizi hata kidogo, kwa swali moja tu: kile nilichompa Zainabu kwenye chupa ni dawa au ni sumu?

Nilikuwa kijana, enzi za Mwingereza, nimetoka masomoni na cheti changu. Nilipangiwa zahanati ndogo bara ya Mchinga. Mvua ilikuwa imekataa, watu wanachimba ndiga porini. Ndiga ni kiazi cha mwitu chenye uchungu. Hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa kwenye chungu siku tatu, na maji hubadilishwa mara kwa mara ndipo kiliwe.

Jirani yangu Bi Somoe alikuwa hodari wa kazi hiyo. Siku moja nilionja tone la maji yake ya kwanza. Uchungu ule ulikuwa wa kwinini kabisa, na kwinini, dawa yetu ya malaria, ilikuwa imetuishia. Nikawaza: huenda dawa yenyewe ndiyo hii wanayoimwaga. Nikamwomba anijazie chupa. Hakuniuliza ya nini, nami sikumwambia. Msomi nimweleze mkulima? Ndivyo nilivyojidanganya, kweli yenyewe niliogopa asije akanicheka.

Jioni Zainabu akaja. Mwanawe, Mwanahawa, alikuwa na homa siku ya tatu. Nikampa ile chupa. Nikamwambia, kijiko kimoja asubuhi, baada ya uji.

Alipoondoka tu nikaanza kuhesabu mashaka. Kama ni dawa, mbona wanaimwaga? Mbona ulimi wangu uliwasha? Lakini nikienda kuidai chupa, nani ataniamini tena hapa? Na kama kweli ingemponya? Niliinuka nikalala, nikainuka tena.

Alfajiri nilimkuta Bi Somoe uani, anafukia maji yake kwenye shimo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona macho mekundu hivyo, daktari?"

"Kwa nini unayafukia?"

"Kuku wasinywe. Mwaka juzi walikufa wanne." Akanitazama. "Kwani panya wako hawajafa? Mimi nilidhani unaulia panya."

Nilikimbia, mwanangu, kanzu nimeikunja kiunoni.

Zainabu alikuwa kibarazani, mtoto kapakatwa, uji umeisha, kijiko kimejaa. Baba mkwe wake, Mzee Bakari, alikuwa amekaa pembeni.

"Usimpe," nikasema. "Sijui ni nini hiyo."

Mzee Bakari akageuka taratibu. "Jana ulijua?"

Hapo ndipo ningeweza kusema nimebadilisha kipimo, au chupa zimechanganyika. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyatunga njiani.

"Jana pia sikujua, mzee. Nilikisia."

Zainabu alikimwaga kijiko bila kuniangalia. Nilichimba shimo, nikaimwaga chupa nzima na kuifukia mbele yao. Kisha nikaomba baiskeli ya Mzee Bakari, nikamfunga Mwanahawa mgongoni kwa kanga ya mama yake, nikaenda naye hospitali ya Lindi. Mama yake alifuata kwa miguu. Kwinini ilikuwepo. Mtoto alipona.

Sikuambii, mwanangu, kwamba porini hamna dawa. Bi Somoe mwenyewe alinifundisha baadaye majani ya mchunga, mboga chungu ya porini aliyokuwa akila tumbo likimsumbua, na mpaka leo sijui kama yalimtibu au yalimshibisha tu. Huenda yana kitu. Huenda hata ndiga ina kitu. Lakini anza kwa yule anayeichimba, umuulize anachokula na anachokimwaga, na kwa nini. Hujui, sema hujui, kabla kijiko hakijafika kinywani mwa mtoto wa mwenzio. Na ukiwa umeshakosea, nenda mwenyewe ukaseme, asubuhi ile ile, hata kama watakucheka.

Mola akujalie ulimi mwepesi wa kuuliza, akuepushe na aibu inayoua watu, na kila utakayemtibu amrudishe kwao mzima. Amin.